Mgonjwa wa Kwenye Karatasi

Husby, Stockholm
13 Septemba 2009

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Kahindo,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako na paa limeshazibwa. Sisi hapa hatujambo kwa kiwango cha Uswidi, yaani tumechoka lakini ndani kuna joto. Mke wangu Léontine bado anazunguka kwa wazee wa watu, anawaogesha na kuwapa dawa. Binti yetu Orpha amefikisha miaka kumi na mitatu. Namwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi, na tunaelewana kuliko nilivyoelewana na marehemu baba kwa lugha moja. Mume wako, shemeji Lameck, yumo kwenye kile chumba cha karibu na jiko. Anafagia treni za laini ya bluu, Jumapili anaimba besi, akirudi anaikosoa sombe ya Léontine, eti majani ya muhogo hayakuiva. Hajabadilika.

Ombi lako la kuja huku bado halijajibiwa. Watu wa uhamiaji wameandika tena, safari hii wanauliza ilikuwaje Lameck akaoa mwaka 1972 akiwa na miaka kumi na saba. Shemeji amewajibu kwamba kwetu watu hukomaa mapema. Mimi ningejibu vingine, lakini sikuulizwa.

Sasa jambo lenyewe, na ndiyo sababu sikupiga simu. Mambo ya miaka hatuyasemi kwenye simu. Huku hatujui nani anasikiliza, na huko kwenu tunamjua: ni mtaa mzima.

Habari za karani wa kambini unazijua, lakini nazirudia kwa sababu sasa zimezaa. Mwaka 2001, kwenye kambi ya wakimbizi kule Uganda, karani hakuwa na muda wa kutuuliza, alitazama vichwa. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita na hizi mvi nilizorithi kwa mama, akaniandika nimezaliwa tarehe 1 Januari 1947. Shemeji, mzaliwa wa 1946, alikuwa amesikia kwamba wazee wanaachwa nyuma, akapaka ndevu rangi na kuvaa kofia. Akaandikwa 1 Januari 1955, ambao ndio mwaka wangu mimi hasa. Tulipanda ndege tumebadilishana miaka kama watu waliochukua makoti yasiyo yao msibani. Tulicheka sana. Mimi nitapewa pensheni ningali kijana, na shemeji atafagia treni mpaka afikishe sabini na nne.

Wiki jana imeletwa bahasha. Huku Stockholm wenye miaka sitini mpaka sitini na tisa wanatumiwa kipimo nyumbani, cha kutafuta kansa ya utumbo mpana. Ndani kuna kadi zenye vidirisha na vijiti vya kadibodi. Unachukua choo chako kidogo kwa kijiti, unapaka kwenye kidirisha, siku tatu tofauti, halafu unaiweka kwenye bahasha na kuitia posta kama mtu anayemwandikia shangazi. Wao wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Sikutunga, Yaya. Stempu wameshalipia.

Tena kuna hili. Tuna nesi mmoja Mrundi, anaitwa Prudence, anasali nasi. Yeye anasema wanaume wetu weusi hapa mjini hawafungui bahasha, wanafika hospitali wakati daktari hana la kufanya ila kushika mkono. Akawaza: bahasha hawafungui, lakini simu wanasoma hata kanisani. Akanichagua mimi, eti nina kalamu. Kila Jumanne natuma meseji kwa wanaume arobaini na mmoja, kuanzia Husby mpaka Södertälje. Ya kwanza niliandika: «Ndugu, ukipata bahasha ya kipimo usiitupe. Ni siku tatu na dakika tano. Hakuna anayekuangalia.» Vénant wa Rågsved alinijibu: «Édouard, habari za siasa zimekwisha?»

Bahasha yangu mimi iko juu ya kabati. Nimeifungua mara tatu, na nikaifunga mara tatu. Shemeji akiiona anacheka: «Hiyo barua ni yangu, wamekosea jina tu.» Nami naona kweli ni yake. Nifanye nini? Wewe ulikuwa na akili ya kutosha sisi wote wawili.

Mdogo wako,
Édouard

—

Butembo, Vulamba
20 Oktoba 2009

Mdogo wangu Édouard,

Nimepata barua yako kwa mkono wa Gregory, yule mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Kampala. Ilikaa kwenye mzigo wake wiki mbili, inanuka nguo mpya. Nakushukuru. Paa limezibwa upande mmoja, mvua imegundua upande wa pili. Sokoni tunauza kidogo. Kaburi la mama nimelipalilia, nikapanda maua ambayo mbuzi wa jirani ameyasifu sana.

Umenichekesha na vijiti vyako. Lakini usicheze na miaka. Miaka tisa nimekaa bila mume, minane nikimwuguza mama na mmoja nikingoja karatasi. Mkianza kuwaambia wazungu kwamba huyu ni yule na yule ni huyu, faili langu litakwenda kulala. Bahasha ina jina lako, basi ni yako. Ifanye au iache, lakini usilitaje jina la Lameck.

Nakuuliza jambo dogo. Lameck anakula? Sisemi anakosoa chakula, nasema anakula? Mkanda wake anafunga tundu la ngapi? Ule mkanda wa ngozi niliompa mimi, alikuwa anafunga tundu la pili. Utazame bila yeye kujua uniandikie. Ni udadisi wa mke tu, usiulize kwa nini.

Ukishasoma, chana.

Yaya wako,
Kahindo

—

Husby
22 Novemba 2009

Yaya mpendwa,

Salamu kutoka kwenye giza. Saa tisa alasiri jua linafunga kazi, na sisi tunaendelea. Léontine ana kifua, si kikali. Orpha amechaguliwa kuigiza malaika shuleni, nasikia malaika huyo hasemi kitu, na hilo limemfurahisha mama yake. Barua yako nimeichana vipande, nikavitia katika mapipa mawili tofauti.

Mkanda: tundu la nne. Nilimwuliza kwa mzaha, akasema ngozi imepanuka kwa sababu ya unyevu. Sikujua kwamba unyevu wa Uswidi unapanua ngozi, lakini mambo mengi hapa sikuyajua.

Sasa nisikilize, kwa sababu mwenzako sielewi nimesimama upande gani.

Prudence alianza kuuliza. Kompyuta yao inaonyesha nani amerudisha kadi na nani hajarudisha. Alinivuta pembeni baada ya ibada. «Mzee Édouard, unawaandikia watu arobaini na mmoja kila Jumanne. Wewe yako iko wapi?» Nikamwambia iko njiani. Akasema, «Njia gani? Kutoka kwako mpaka sanduku la posta ni hatua thelathini.» Anataka nisimame mbele ya wanaume nitoe ushuhuda kwamba nimepima na sikufa.

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile bahasha. Nikaingia chooni nayo. Nikatoka nayo. Shemeji alikuwa jikoni anakunywa chai ananitazama.

«Umeshindwa,» akasema.

«Sijashindwa. Nasoma maelekezo.»

«Umeyasoma tangu Septemba. Mwanaume mzima unaogopa choo chako mwenyewe.»

«Wewe usingeweza.»

«Lete hapa. Mwenye miaka ni mimi.»

Akaichukua. Siku tatu, asubuhi tatu. Alipaka, akafunga, akaandika tarehe kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu, akaenda kuitia posta mwenyewe akipiga mluzi. Nami, Yaya, sikumzuia. Nilifurahi. Niliona kila kitu kimekaa sawa: bahasha ya mtu wa miaka sitini na miwili imefanywa na mtu wa miaka sitini na mitatu, Prudence amepata kadi yake, na mimi nimepata ushuhuda. Nilisimama kanisani nikawaambia wanaume si kitu, ni kama kutuma kadi ya Krismasi. Walicheka. Sita wakamwomba Prudence maelezo.

Jumatano imekuja barua. Wameona damu. Bwana Édouard anaombwa kufika hospitali achunguzwe kwa bomba lenye kamera.

Nilimwonyesha shemeji. Akasoma mara mbili, akaniambia, «Pole.»

«Pole ya nini? Damu ni yako.»

«Jina la nani hapo juu?»

«Shemeji, hiki si kichekesho.»

«Sicheki. Kwenye karatasi mgonjwa ni wewe. Nikienda mimi nitawaambia nini? Kwamba nilijisaidia kwa jina la mtu? Watauliza kwa nini, nitataja miaka, na siku hiyohiyo Kahindo abaki Butembo mpaka Yesu arudi. Tena nilikuwa nimekula bitiruti za Léontine, vile viazi vinavyotia kila kitu rangi nyekundu.»

Nilimwuliza kama ameona damu kwa macho yake. Akasema hapana, akaenda kuoga. Alioga muda mrefu.

Niambie nifanye nini. Usitumie simu.

Édouard

—

Husby
3 Januari 2010

Yaya,

Heri ya mwaka mpya. Juzi tarehe moja nusu ya kanisa letu ilitimiza miaka. Pasta aliwaomba wote waliozaliwa tarehe moja Januari wasimame, tukasimama watu ishirini na wanne, akina Vénant na wengine, mapacha wa karani mmoja.

Hujanijibu, nadhani Gregory amekwama mpakani. Siku ya hospitali haikungoja, na nimeenda.

Usinitukane bado. Niliwaza hivi: nikifika pale ndani, mlango ukafungwa, nitamwambia daktari pole pole kwamba damu hii si yangu, ina mwenyewe, tusaidiane bila kuandika. Kwa hiyo nilifunga siku nzima, nikanywa lita nne za dawa yenye ladha ya ndimu na sabuni. Sitakueleza kilichofuata. Orpha alihamia kwa rafiki yake.

Nikafika. Daktari, mama mmoja mpole, akasema wamenitafutia mkalimani kwa simu ili nisikose kitu. Akabonyeza spika. Sauti ikasema, «Shikamoo mzee, mimi ni mkalimani wako, nimeapa kutunza siri.» Yaya, ilikuwa sauti ya Roméo. Roméo wetu wa sauti ya tenori, anayesimama nyuma ya shemeji kwenye kwaya. Naye alinijua nilipokohoa. Tukawa watu wawili wasiojuana wanaojuana. Kiswidi changu kingetosha, lakini Roméo naye ana Kiswidi, tena chake kizuri.

Daktari akauliza, «Una swali lolote kabla hatujaanza?» Roméo akatafsiri. Nikasema hapana. Roméo akatafsiri hapana yangu.

Wakaanza. Niliona utumbo wangu kwenye televisheni, ni pango lenye rangi ya waridi, safi sana, hata nilijivunia. Daktari akafurahi. Hakuna kitu, akasema, pengine ni bawasiri ndogo, huwa inatokea kadi ikasema damu na kumbe si jambo la hatari. Faili limefungwa. Nikapewa juisi na mkate.

Nilirudi nikamkuta shemeji dirishani.

«Wamesemaje?»

«Mzima.»

«Unaona,» akasema, akanipiga bega. Jioni alikula vizuri mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaimba. Amewaambia watu kazini kwamba kile kipimo kinatisha watu bure.

Mimi ndiye niliyekwenda, mimi ndiye mzima, na yeye ndiye aliyepona. Nakaa hapa nahesabu vidole na kila mara napata kimoja zaidi. Jumanne nilikaa na simu mkononi saa nzima sikujua niwaandikie nini wale arobaini na mmoja. Nikawaandikia: «Ndugu, vaeni kofia, baridi imezidi.»

Édouard

—

Butembo
30 Januari 2010

Édouard,

Wazima wako wazima, wagonjwa wako wagonjwa, salamu zimeisha.

Barua zako mbili zimefika siku moja. Gregory alizuiliwa mpakani na vitenge vyake. Nilifungua ya Januari kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu. Nikasoma: mzima, faili limefungwa, pango la rangi ya waridi. Nikacheka peke yangu dukani, wateja wakaniona. Sikuelewa damu ni ya nani, nikadhani ni upuuzi wako wa kawaida. Ndipo nikafungua ya Novemba. Tangu hapo sijacheka.

Nilipiga simu. Akapokea Lameck. Nikamwuliza hali, akasema nzuri. Nikauliza tena, akanipa habari za theluji. Majirani walikuwa mlangoni, salio likaisha. Kwa hiyo naandika, na nakuandikia yale niliyokataa kuandika Oktoba.

Baba mkwe alikufa kwa ugonjwa huu. Watu walisema amerogwa tumboni. Kaka yake Lameck, Israël, alikufa hivyohivyo, na mwaka ule mimi ndiye niliyefua mashuka yake. Najua ile damu. Alianza kwa kufunga mkanda tundu la tatu.

Mwaka juzi, mama akiwa bado hai, Lameck alinipigia akaniuliza ni majani gani yale aliyokuwa anakunywa Israël. Nikamwuliza ya nini. Akasema kuna rafiki yake kazini tumbo linamsumbua. Nikamtajia majani, nikamtakia rafiki afya njema. Nilijua, Édouard. Nilimjua yule rafiki. Lakini ombi langu lilikuwa ndiyo kwanza limeingia, nikajiambia nikifika huko nitamshika mkono nimpeleke mwenyewe. Kila mwezi nikajiambia hivyo. Ndiyo maana nilikuuliza mkanda, maana kuuliza mkanda hakuharibu faili la mtu.

Nilikwenda parokiani. Padre alitafuta siku mbili kwenye vitabu vilivyoliwa na panya. Ndani ya barua hii kuna cheti cha ubatizo cha Lameck, 1946, chenye muhuri. Gregory anakipeleka Kampala kitumwe kwa njia ya haraka, ameapa. Nakijua kitakachofanya. Karatasi hii na ombi langu haziwezi kukaa kwenye droo moja.

Mpe Lameck aione kwanza. Usimweleze kitu, mpe tu. Halafu mpeleke kwa yule nesi Mrundi. Sitaki kuja Stockholm kuzika mtu.

Hii usiichane.

Kahindo

—

Husby
28 Februari 2010

Yaya wangu,

Theluji imefika kwenye dirisha la jirani wa chini. Léontine kapona. Malaika wa Orpha mwishowe alisema neno moja, nalo lilikuwa la Kiswidi.

Cheti kilifika tarehe kumi na mbili. Nakiri kwamba siku nne nilikaa nacho ndani ya koti. Nilikuwa natembea na mwaka 1946 kifuani kama mtu aliyeiba. Ya tano nilikiweka mezani mbele ya shemeji, juu ya sahani yake aliyoiacha na chakula.

Alikisoma. Alikigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Alipitisha kidole kwenye muhuri.

«Nani ametuma?»

«Unajua nani.»

«Anajua kitamfanyia nini?»

«Ameandika kwamba anajua.»

Friji ilikuwa inanguruma, nikaizima, sijui kwa nini. Kisha akauliza bila kunitazama, «Amejua ya majani?»

«Siku ileile uliyomwuliza.»

Akakunja mikono juu ya meza akaweka kichwa hapo. Mabega yake, Yaya. Yamekuwa kama ya mtoto wa shule. Mtu analala ukuta wa pili na mimi nilikuwa natazama mvi zangu kwenye kioo. Aliniambia basi: anaona damu tangu mwaka juzi. Mara moja alikwenda kwenye zahanati fulani hapa mjini, wakasoma mwaka wake kwenye kompyuta, wakaona kijana wa miaka hamsini na mitatu anayebeba vitu vizito, wakampa dawa ya kupaka. Alishukuru, akarudi nyumbani. Hakuweza kuwaambia habari za baba yake na Israël, aliona kila ndugu atakayemtaja atakuja na mwaka wake.

Kesho yake tulikwenda kwa Prudence, wote wawili, tumevaa suti. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilianzia kwa karani, nikaja kwenye mvi, nikaja kwenye ndevu, nikafika kwenye kadi. Nikamwekea cheti mezani. Prudence hakukigusa.

«Mzee Édouard, nani amekuuliza mwaka?»

Nikasema hakuna, lakini...

«Mtu anayetokwa na damu anachunguzwa, awe na miaka ishirini au themanini. Bahasha ndiyo yenye umri. Yeye alitakiwa kuniambia tu, natokwa na damu, na baba alikufa hivi. Na mimi siwafanyii kazi watu wa uhamiaji. Siri ya mgonjwa inakaa hospitali.» Halafu sauti ikashuka, na hapo ndipo nilipoogopa. «Lakini unajua ulichofanya na kadi? Damu yake ilipaza sauti kwa jina lako. Tukaitafuta kwako, hatukuiona, tukafunga mlango. Miezi mitatu, mzee. Miezi mitatu yote mmekaa mezani mnatazamana.»

Shemeji ndiye aliyenitetea: «Binti yangu, tulikuwa wawili.»

Wamemchunguza wiki iliyopita. Mkalimani wa simu alikuwa mwanamke wa mbali, sauti ya Mombasa. Kuna uvimbe, Yaya. Si mdogo. Wanamfanyia upasuaji mwezi wa tatu mwishoni. Daktari alisema mwaka mmoja zaidi ungekuwa mazungumzo mengine. Kuhusu miezi mitatu hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Cheti nimekirudisha ndani ya koti. Kwa nesi hakikuhitajika kabisa. Wewe umetoa kitu ambacho hakuna aliyekiomba, na bado bila hicho shemeji asingeinuka kwenye kiti. Nimejaribu kulielewa hili na nimeacha.

Mdogo wako asiye na akili,
Édouard

—

Kampala
1 Aprili 2010

Mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka kwa dada yake Gregory, ninapolala. Ana wajukuu saba na redio tatu. Nimekula vizuri. Viatu vimenibana.

Nilipigiwa simu nije kuhojiwa kuhusu ombi. Nilikaa kwenye basi siku moja na nusu. Aliyenihoji ni kijana wa Kizungu mwenye kalamu mbili, na mkalimani Mganda. Akauliza jina la mume, nikasema. Akauliza mume alizaliwa mwaka gani.

Nilikuwa nimekariri 1955 njia nzima. Wakati ule mlikuwa mmeshanitumia ujumbe kwamba amefanyiwa upasuaji na bado hajafumbua macho vizuri. Nikasema 1946.

Akatazama faili. «Hapa pana 1955.»

Nikamwambia hapo pana kofia na rangi ya ndevu. Nikamweleza karani. Nikamweleza na wewe na mvi zako, utanisamehe, ilikuwa lazima, hadithi haikai vizuri bila mvi. Mkalimani alikuwa anacheka, kijana hakucheka. Akauliza kwa nini namwambia leo. Nikasema mume wangu amepasuliwa tumbo kwa mwaka ambao si wake, na mimi nimechoka kuolewa na kijana.

Aliandika muda mrefu. Akanisomea, nikatia sahihi. Hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana. Alisimama kunifungulia mlango, sijui kama huwafanyia wote.

Sasa niandikie ukweli. Amefumbua macho?

Kahindo

—

Husby
30 Mei 2010

Yaya Kahindo,

Huku kumekucha na hakutaki kuchwa. Léontine amepanda sukuma wiki kwenye baraza ya ghorofa ya nne. Orpha amemletea mjomba wake kitabu cha picha za samaki, sijui kwa nini samaki, lakini anakisoma.

Amefumbua. Amekaa hospitali siku kumi na mbili, sasa yuko nyumbani wiki ya nane. Wamemkata kipande cha utumbo kirefu kama kiganja na vidole vyake. Kwenye tezi za jirani walikuta mbegu mbili za ugonjwa, kwa hiyo anapewa dawa ya mshipa kila baada ya wiki mbili mpaka vuli. Siku mbili anatapika, siku kumi na mbili anaikosoa sombe. Daktari hasemi amepona. Anasema watamwangalia, na akisema hivyo hatazami chini. Mkanda: tundu la tatu, kutoka la tano.

Barua ya uhamiaji haijaja. Prudence ametutafutia mwanasheria wa chama fulani, naye amesoma uliyoyasema Kampala. Anasema si mabaya kama tulivyodhani, wala si mazuri. Eti nasi tuliofika na karatasi hizo tunaweza kuulizwa. Mimi pensheni yangu ya ujanani naiaga taratibu.

Lakini nikueleze la Jumanne. Shemeji aliniomba simu. Alikaa nayo kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, anafuta na kuandika kwa kidole kimoja. Ikaenda kwa wote arobaini na mmoja: «Mimi Lameck wa besi. Kwenye karatasi nina 55, kwa mama yangu nina 64. Nilitokwa damu nikanyamaza. Nimepasuliwa. Ukiona damu sema, usingoje bahasha.»

Siku mbili simu haikulia. Nilidhani tumewaudhi. Siku ya tatu Vénant akapiga, hakunipiga mimi, alimpiga Prudence, akamwuliza kama anaweza kuzungumza naye bila mtu. Alikwenda akamnong'oneza mwaka. Karatasi inasema hamsini na saba, mama yake alisema sitini na sita. Akafuata Onesphore wa Södertälje. Akafuata mwingine aliyevaa suti kama sisi. Prudence anasema mpaka juzi wamefika tisa, mmoja mmoja, kila mtu anafunga mlango nyuma yake na kutaja mwaka wake wa kweli kama anayetaja jina la mwanamke. Wawili kati yao wanaona damu. Tarehe zao zimeshapangwa.

Mimi nami nimepima, Yaya. Safari hii mwenyewe, asubuhi tatu, mlango umefungwa na shemeji nje anahesabu dakika kwa sauti. Kadi hazikuwa na jina lililochapwa, Prudence alinipa zake, nikaandika Édouard kwa mkono wangu. Majibu hayajaja.

Shemeji anataka kuongeza maneno hapa chini. Nimemwachia nafasi, nami naondoka mezani ili asione aibu.

Mdogo wako,
Édouard

Kahindo,

Yule rafiki yangu wa kazini, uliyenitajia majani kwa ajili yake, hayakumsaidia. Amepasuliwa, anaendelea. Jana alitembea mpaka kituo cha treni akarudi bila kukaa.

Anauliza kama atakungoja uwanja wa ndege amevaa kofia au asivae.

Lameck, 1946